Kinachotengenezeka Ndicho Kidumucho: Funzo la Reli ya Ufuoni

Mgeni anayejifunza Kiswahili aghalabu hushangazwa na kitenzi kimoja ambacho sisi wenyeji wa lugha hii hukitumia mchana kutwa bila ya kukitazama usoni. Kitenzi chenyewe ni kutengeneza. Seremala hutengeneza kiti. Na kiti hicho kikivunjika mguu, mwenyewe hukirudisha kwa seremala yule yule apate kukitengeneza. Kiwandani watu hutengeneza baiskeli, na fundi aketiye chini ya mwembe naye huitengeneza. Mgeni huuliza: yawezekanaje neno moja kubeba kazi mbili, ya kukiunda kitu kisichokuwapo na ya kukiponya kilichoharibika?

Jawabu limo katika mzizi wa neno. Kutengenea ni kuwa katika hali ya sawa, kukaa vyema, kutulia mahali pake. Kutengeneza, basi, ni kukifanya kitu kikae sawa. Kwa mantiki ya lugha yetu, aundaye na akarabatiye wako katika kazi moja, ila mmoja ametangulia na mwingine amefuatia. Wote wawili twawaita mafundi.

Natamani mienendo yetu ingeifuata lugha yetu. Mradi unapozinduliwa, huja waheshimiwa, ngoma huchezwa, utepe hukatwa na jiwe la kumbukumbu huwekwa ukutani. Sijapata kualikwa katika sherehe ya kumpongeza mtu aliyetia mafuta bawaba za mlango kwa muda wa miaka thelathini. Yeye hana jiwe ukutani, ingawa pasipo yeye ukuta wenyewe ungekuwa umekwisha kuanguka. Ili kuonyesha gharama ya upofu huu nimechagua mfano wa mbali, wa reli ndogo ya watalii katika mji wa Brighton, kusini mwa Uingereza. Nimeichagua kwa sababu moja mahususi: mtu yule yule alijenga reli mbili katika ufuo ule ule, moja ikafa ikingali changa na nyingine ingali hai hadi leo.

Mtu huyo ni Magnus Volk. Alizaliwa Brighton mwaka 1851, mwana wa fundi wa saa aliyetoka Ujerumani, na akakua akipenda mambo ya umeme wakati ambapo umeme ulikuwa bado ni mazingaombwe machoni pa watu wengi. Tarehe 4 Agosti 1883 alifungua kando ya bahari njia fupi ya reli, yapata robo maili tu, yenye upana wa futi mbili baina ya chuma na chuma. Gari lake halikuvutwa kwa mvuke. Liliendeshwa kwa umeme wa volti 50, uliozalishwa kwa injini ndogo ya gesi. Sisi tuliozoea kusema gari moshi tutatatizika kulipa jina gari hilo, maana moshi halikuwa nao! Labda lingefaa kuitwa kiberenge, neno ambalo wafanyakazi wa reli zetu hulitumia kwa kijigari kidogo cha kukagulia njia.

Mwaka uliofuata, 1884, Volk aliirefusha njia yake kuelekea mashariki na kuupanua upana wake. Hatimaye ilifikia urefu wa takriban maili moja. Leo ndiyo reli ya umeme kongwe kuliko zote duniani miongoni mwa zile ambazo bado zinafanya kazi. Msomaji akisikia sifa hiyo huenda akadhani kuwa reli hii imeishi kwa sababu ilijengwa imara. La hasha. Imeishi kwa sababu imekuwa ikiharibika na kutengenezwa, ikiharibika tena na kutengenezwa tena, tangu miaka yake ya mwanzo kabisa.

Natuyatazame maadui wake. Wa kwanza ni chumvi. Mkazi wa Mombasa, Malindi au Lamu hahitaji kuelezwa jambo hili. Anajua jinsi bati jipya la paa linavyogeuka wekundu, na jinsi kufuli lililotiwa mlangoni mwaka jana linavyokataa ufunguo mwaka huu. Katika Brighton, reli, misumari ya mataruma, magurudumu na mota, vyote hupuliziwa chumvi usiku na mchana. Na kwa reli ya umeme, chumvi ina hila nyingine. Hapo mwanzo umeme ulipitishwa katika vyuma vile vile viwili ambavyo gari lilipita juu yake. Ufuo ukilowa maji ya bahari, umeme ulivuja na kupotelea ardhini badala ya kuifikia mota. Ilibidi mwaka 1886 kiongezwe chuma cha tatu, kando ya vile viwili, kwa ajili ya umeme peke yake. Mvumbuzi mwenyewe, basi, alilazimika kuurekebisha uvumbuzi wake ukiwa na umri wa miaka mitatu tu.

Adui wa pili ni bahari yenyewe pamoja na ufuo. Pwani ya Brighton haina mchanga laini kama wa Diani. Ina kokoto za mviringo, na mawimbi huzisukuma kokoto hizo kutoka magharibi kwenda mashariki pasipo kupumzika. Ili kuzizuia, watu wa mji walijenga kuta zinazotoka nchi kavu na kuingia baharini. Katika miaka ya mwanzo sehemu za reli zilipita juu ya nguzo za mbao, na mawimbi yakivunjikia chini yake. Kadiri miaka ilivyopita, kokoto zilirundikana kando ya kuta hizo, na maji yakasogea mbali na njia. Kuta hizo zilizoipa reli ndogo nafuu ndizo, kama tutakavyoona, zilizoiua ndugu yake.

Volk hakuridhika na reli yake ya kwanza. Alitaka kufika Rottingdean, kijiji kilichoko mashariki zaidi, lakini mbele yake palikuwa na majabali marefu ya chokaa, na kuipandisha reli juu yake kungehitaji gharama kubwa. Akapata wazo ambalo hata leo likisimuliwa hufanana na ngano: reli iende ndani ya bahari. Vyuma viliwekwa juu ya vitalu vya saruji kwenye mwamba wa ufuoni, mahali panapofunikwa na maji yanapojaa. Juu yake kikapita chombo kikubwa chenye miguu minne ya chuma, kila mguu ukiwa na urefu wa takriban mita saba, na juu ya miguu hiyo palikuwa na sebule na sitaha ya abiria. Jina lake rasmi lilikuwa Pioneer, yaani Mtangulizi, lakini wenyeji wakakibandika jina la mdudu mwenye miguu mirefu. Kwa kuwa chombo hicho kilikwenda baharini, ilibidi kiwe na nahodha mwenye cheti pamoja na mashua ya kuokolea watu.

Reli hiyo ilifunguliwa tarehe 28 Novemba 1896. Siku sita baadaye, usiku wa tarehe 4 Desemba, dhoruba kali iliipiga Brighton. Gati kongwe la minyororo, ambalo lilikuwa fahari ya mji kwa zaidi ya miaka sabini, lilisombwa na bahari, na mbao zake zikaenda zikigonga na kuharibu vitu vingine vya ufuoni, reli ndogo ya Volk ikiwamo. Chombo cha miguu mirefu kilipinduliwa. Volk hakukata tamaa. Alikitengeneza upya na kukirudisha kazini mwezi Julai 1897.

Hata hivyo, tatizo halikuwa dhoruba peke yake. Maji yalipojaa, mota hazikuwa na nguvu ya kutosha, na chombo kilijikokota kama mzee apandaye mlima. Isitoshe, njia yenyewe ilikuwa chini ya maji. Taruma la reli ya nchi kavu likilegea, fundi hupiga magoti papo hapo akalikaza. Kitalu cha saruji kilicho chini ya bahari kikilegea, fundi lazima angojee maji yapwe, afanye kazi kwa haraka, kisha aondoke kabla maji hayajarudi. Mwaka 1900, baada ya kuta mpya za kuzuia kokoto kujengwa jirani, mikondo ya maji ilianza kuchimbua msingi wa reli hiyo. Ilifungwa kwa matengenezo katika msimu ule ule wa joto ambao ndio wenye watalii. Kisha wakuu wa mji wakaarifu kwamba wanataka kujenga ukuta mwingine, na kwamba reli itabidi ihamishwe mbali zaidi, kwenye maji yenye kina kirefu. Volk hakuwa na fedha za kufanya hivyo. Mwaka 1901 njia ikakatwa, na safari zikakoma. Leo maji yanapokupwa sana, mtu anayepita chini ya majabali yale huweza kuona safu za vitalu vya saruji zikielekea mashariki, kama makaburi yasiyo na majina.

Mwaka huo huo wa 1901, Volk aliirefusha ile reli yake ndogo ya ufuoni hadi mahali paitwapo Black Rock. Ndoto kubwa ilizama, naye akarudi kukitunza kile kilichowezekana. Ninamheshimu kwa uamuzi huo kuliko ninavyomheshimu kwa uvumbuzi wake.

Hapa sarufi yatufaa tena. Kiambishi -ik- au -ek- katika Kiswahili huonyesha kwamba kitendo chaweza kutendeka: mlango unaofungika, maji yanayonyweka, njia inayopitika. Kutokana na kutengeneza twapata kutengenezeka. Chombo cha miguu mirefu kilikuwa cha ajabu, lakini hakikutengenezeka kwa gharama na kwa wakati uliokuwapo. Reli ndogo haikuwa na la ajabu baada ya mwaka wa kwanza, lakini kila kilichomo ndani yake kilitengenezeka: taruma ni mti, behewa ni mbao na boriti, mota ni shaba na chuma, na njia yenyewe iko nchi kavu ambako nyundo hufika.

Adui wa tatu wa reli ya watalii ni msimu. Basi la abiria lina wateja mwaka mzima, kwa kuwa watu huenda kazini masika na kiangazi. Mtalii wa Brighton huja jua linapowaka. Siku hizi reli ya Volk hufanya kazi katika miezi ya jua tu, na wakati wa baridi husimama. Lakini kutu haina likizo. Ni katika miezi hiyo isiyo na hata senti moja ya nauli ndipo dhoruba huwa kali zaidi na kazi ya karakana huwa nyingi zaidi. Mwenye reli ya aina hii hufanana na mkulima wa zao moja: mapato ya miezi michache lazima yalishe mwaka mzima.

Adui wa nne ni mji wenyewe, ambao hubadilika pande zote za njia. Mwaka 1930 reli ilikatwa kipande upande wa magharibi ili kupisha ujenzi mwingine. Mwaka 1937 kituo cha Black Rock kilihamishwa kupisha bwawa la kuogelea lililokuwa limefunguliwa mwaka uliotangulia. Bwawa hilo nalo likafungwa mwaka 1978, na reli ikawa inafikisha watu mahali palipokuwa na kiwanja kitupu. Kwa reli ya watalii hili si jambo dogo. Abiria wake hasukumwi na haja; huvutwa na raha, na raha ikihama naye huhama.

Kisha vikaja vita. Volk alifariki mwaka 1937. Tarehe 1 Aprili 1940 reli iliingia mikononi mwa baraza la mji, na mwaka huo huo ikafungwa, kwa kuwa pwani ya kusini ilihofiwa kuwa mlango wa adui. Ufuo ukatiwa seng'enge na mabomu ya kutegwa. Ilipofika 1948 ndipo safari zikaanza tena, baada ya sehemu kubwa ya njia kujengwa upya. Idadi ya mabehewa ikaongezwa kwa mengine yaliyokuwa yametumika kwenye reli ya gati la Southend. Nchi ilikuwa imechoka kwa vita, na chakula kilikuwa kingali kikigawiwa kwa mgao. Baraza lingeweza kusema kuwa kigari cha kuwafurahisha watoto chaweza kungoja, au hata chaweza kufa, na pengine hakuna ambaye angelilaumu.

Hoja hiyo ingalipo, na haifai kubezwa. Katika mwaka 2017 reli hii ilirudi kazini baada ya ukarabati mkubwa, uliowezeshwa na ruzuku ya takriban pauni milioni 1.6 kutoka mfuko wa bahati nasibu unaosaidia mambo ya urithi. Fedha hizo zilijenga banda jipya la kulaza mabehewa, zikajenga kituo kipya penye sehemu ya kuwapokea wageni, na kurudishia uhai mabehewa matatu ya zamani. Mlipa kodi ana haki ya kuuliza: mji wenye watu wasio na makazi wafaidi nini kwa maili moja ya reli isiyompeleka mtu kazini?

Jibu la kwanza ni la fedha, nalo ni la wastani tu: mgeni avutwaye na reli hula na kulala mjini. Sitaki kulipa jibu hili uzito kuliko linavyostahili. Jibu la pili ndilo ninaloliamini. Tangu mwaka 1995 kuna chama cha wapenzi wa reli hii ambacho wanachama wake hujitolea kuisaidia bila ya malipo. Tukumbuke kuwa baadhi ya mabehewa yalijengwa katika miaka ya 1890. Behewa la namna hiyo halina duka linalouza vipuri vyake. Ubao ukioza lazima apatikane mtu ajuaye kuchonga mwingine wa umbo lile lile, na kando yake lazima awepo mdogo wake anayetazama na kujifunza. Ujuzi huo hauhifadhiki kabatini wala kitabuni peke yake; hukaa mikononi mwa watu, na mikono isipopata kazi kizazi kimoja, ujuzi hufa.

Anayetaka kuona upande wa pili wa hoja hii hana haja ya kusafiri. Na atazame ukuta ulio ubavuni mwa reli hiyo. Pana safu ndefu ya matao ya chuma iitwayo Madeira Terrace, iliyojengwa katika miaka ya 1890 kwa ajili ya watu kutembea na kupunga upepo. Bahari ni ile ile, chumvi ni ile ile, na baraza la mji ni lile lile. Katika miaka ya 2010 matao hayo yalizungushiwa uzio, watu wasiyakaribie, kwa kuwa kutu ilikuwa imekula vyuma. Gharama ya kuyarudisha katika hali yake inahesabiwa kwa mamilioni mengi ya pauni. Wahenga wetu walikwisha kusema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nayo pwani yetu ina habari yake. Mwaka 1890, miaka saba baada ya Volk kuanza, kampuni ya Waingereza iliyotawala sehemu hizi ilianza kutandika Mombasa reli ya upana ule ule wa futi mbili, kwa nia ya kwenda bara. Haikufika mbali. Vyuma vyake vikatumiwa kisiwani kwa njia ya vigari vidogo, kutoka upande wa mji wa kale hadi Kilindini. Vigari hivyo havikuwa na mvuke wala umeme: vilisukumwa na watu, huku wakubwa wameketi chini ya kivuli cha turubai. Magari ya petroli yalipoenea katika miaka ya 1920, vigari hivyo vikatoweka. Simlilii aliyepumzishwa kazi ya kumsukuma mwenziwe juani. Lakini ninawaza jinsi mwalimu wa historia angeweza kuwafundisha wanafunzi wake habari za ukoloni kwa kuwasimamisha juu ya nusu maili ya njia ile, badala ya kuwaonyesha picha iliyofifia. Njia kuu iliyoanza Mombasa mwezi Mei 1896, mwaka ule ule wa chombo cha miguu mirefu, nayo ilipoteza treni zake za abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 reli mpya ilipofunguliwa. Vituo vya njia hiyo ya zamani, madaraja yake na nyumba za wafanyakazi wake vinatuuliza swali lile lile lililoulizwa Brighton mwaka 1948.

Sisemi kwamba kila cha kale kihifadhiwe. Volk mwenyewe aliuacha ule mdudu wake wa miguu mirefu, na alifanya vyema. Ninachosema ni kwamba kabla ya kuanzisha jambo tuulize kama linatengenezeka, na nani atalitengeneza, na mshahara wake utatoka wapi siku ambazo hakuna mgeni wala utepe wa kukata. Swali hili lahusu reli, lakini lahusu pia kisima cha kijiji, maabara ya shule na mashine za kompyuta ambazo hupokewa kwa shangwe kisha zikawekwa chumbani kuku watagie juu yake.

Ninawaomba walimu wenzangu jambo moja dogo. Shuleni mwenu hapakosi mtu ambaye hurudishia madawati misumari, huzibua mifereji kabla ya mvua na kujua ni bomba lipi linalovuja. Mwiteni darasani siku moja, awaeleze wanafunzi anavyoifanya kazi yake. Kisha waandikeni insha juu yake, na wala wasimwite mtu wa mkono tu. Wamwite fundi, maana ndilo jina ambalo lugha yetu imempa yeye na aliyeijenga shule.